Kwa nini jua la Hopper halimpi mtu joto?

Swali la msomaji: "Mimi ni mwalimu wa sanaa hapa Tanga. Tangu kipindi cha korona nimekuwa nikikutana kwenye simu na picha za Mmarekani Edward Hopper: mtu mmoja chumbani, dirisha, jua limempiga, basi. Wanafunzi wangu wakiziona wananyamaza. Sisi tumezoea kwamba giza ndilo la huzuni na mwanga ni faraja. Inakuwaje picha zenye mwanga mwingi namna hii ziwe za kipweke hivi? Mpweke ni mtu aliyechorwa, au ni mwanga wenyewe? Na nikitaka wanafunzi wajaribu kuchora mwanga wa namna hiyo huku pwani, tuanzie wapi?"

Jibu:

Mwalimu, ahsante kwa swali. Hao wanafunzi wanaonyamaza wapongeze, kwa sababu wameona kitu kabla ya kuelezwa na mtu.

Nianze na jibu lenyewe. Upweke kwenye picha za Hopper hautoki usoni mwa watu wake, maana nyuso hizo karibu hazisemi lolote. Unatokana na jinsi alivyougawa mwanga. Kwa karne nyingi wachoraji wa Ulaya waliutumia mwanga umtumikie mtu: unaangaza uso, unafunika yasiyo na maana kwa kivuli, unamwelekeza mtazamaji amtazame nani na amhurumie nani. Hopper aliuondolea mwanga utumishi huo. Kwake jua linaingia dirishani na kuangukia ukuta, shuka, goti na shavu, vyote kwa kiasi kile kile, bila kuchagua. Mtu yuko ndani ya mwanga ambao ungekuwepo vile vile hata asingekuwepo. Mtazamaji analihisi hilo kabla hajalielewa, na nadhani ndilo linalowanyamazisha vijana wako.

Tuitazame moja kwa karibu. Ichukue Morning Sun ya mwaka 1952, iliyoko Columbus Museum of Art katika jimbo la Ohio. Ifungue kwenye simu tunapoendelea. Mwanamke ameketi kitandani, amekunja magoti na kuizungushia mikono miguu yake. Amevaa gauni fupi la rangi ya waridi, nywele amezifunga kisogoni. Anaelekea dirishani, na nje kunaonekana jengo la matofali mekundu na kipande cha mbingu. Chumbani hamna kitu kingine. Hakuna picha ukutani, hakuna kiatu sakafuni, hakuna kikombe wala nguo iliyotundikwa. Huwezi kujua anafanya kazi gani, ana mume au hana, ameamka sasa hivi au hakulala kabisa. Hopper ameondoa kila kitu ambacho kingekupa hadithi.

Nyuma ya mwanamke, ukutani, kuna kipande kikubwa cha mwanga chenye pembe nne, umbo la dirisha lililovutwa na jua mpaka likalala ukutani. Sasa fanya jaribio hili. Mfunike mwanamke kwa kidole. Picha inabaki nzima: chumba, kitanda, jua, hakuna kinachopungua. Halafu mwache mwanamke, ufunike kile kipande cha mwanga. Hapo anakuwa mtu wa kawaida tu aliyekaa kitandani, na ile hali iliyokushika inapotea. Kwa hiyo kinachobeba picha ni ule ukuta. Mwanamke na ukuta wamepewa haki sawa mbele ya jua, na mwili wa mtu uliopewa haki sawa na ukuta unaonekana dhaifu mno.

Usidhani kwamba hilo lilitokea kwa bahati. Whitney Museum ya New York ina mchoro wa maandalizi wa picha hii, na mwili wa mwanamke umejaa maandishi ya Hopper mwenyewe: hapa kivuli ni cha baridi, hapa ni cha joto, hapa mwanga unaruka kutoka kwenye shuka na kurudi mwilini. Hata sikio lina maelezo yake. Alikuwa anausoma mwili wa mtu kama fundi anavyosoma ukuta kabla ya kupiga lipu, akipima unapokea nini na unarudisha nini. Aliyekaa mbele yake ili achorwe ni mke wake, Josephine, ambaye wote walimwita Jo, na wakati huo alikuwa anakaribia miaka 70. Mwanamke wa kwenye picha hana umri huo, wala hana umri mwingine wowote unaoweza kuutaja kwa uhakika.

Hopper aliwahi kusema maneno ambayo kwangu ni ufunguo wa kazi yake yote: pengine yeye si mtu mwenye ubinadamu sana, alichotaka kufanya ni kuchora jua likipiga ubavu wa nyumba. Watu hupenda kuyanukuu kama maneno ya kinyenyekevu. Mimi nayachukua kama yalivyo. Mtu aliyekaa miaka 60 akitafuta jinsi ya kuliweka jua juu ya mbao zilizopakwa chokaa alikuwa anaeleza kazi yake kwa usahihi kabisa.

Safari yake ilikuwa ndefu, nami nitaipita haraka. Alizaliwa mwaka 1882 huko Nyack, mji mdogo kando ya mto Hudson, jimbo la New York. Mwalimu wake Robert Henri aliwahimiza wanafunzi wachore maisha ya mji waliokuwa wakiishi. Kati ya 1906 na 1910 Hopper alikwenda Paris mara tatu. Wasanii wa kule walikuwa wanavunja na kuunda upya sanaa nzima. Yeye hakujiunga nao. Alichorudi nacho ni kumbukumbu ya mwanga: alisimulia baadaye kwamba vivuli vya Paris vilikuwa na nuru ndani yake, na kwamba hata chini ya madaraja palikuwa na mng'ao fulani. Kisha akapotea machoni pa watu. Mwaka 1913 aliuza picha moja kwa dola 250 kwenye maonyesho makubwa ya Armory, New York, na hakuuza nyingine mpaka 1923, Brooklyn Museum iliponunua picha yake ya rangi ya maji kwa dola 100. Katikati hapo aliishi kwa kuchorea magazeti na matangazo, kazi aliyoichukia. Alilalamika kwamba yeye alivutiwa na majengo, lakini wahariri walitaka watu wanaopunga mikono. Ukiyajua hayo unaelewa kwa nini watu wake, alipopata uhuru wa kuwachora atakavyo, hawapungi mkono kwa mtu yeyote.

Uthibitisho kwamba upweke hauhitaji mtu uko kwenye House by the Railroad ya mwaka 1925. Ni nyumba kubwa ya kizamani, reli imepita mbele yake na kuukata msingi wake machoni mwetu, jua limepiga upande mmoja na upande mwingine uko kivulini. Hakuna mtu hata mmoja. Mwaka 1930 iliingia Museum of Modern Art ya New York na kuwa picha ya kwanza ya rangi ya mafuta kwenye hazina ya makumbusho hayo, na mpaka leo sioni picha yake yenye upweke kuizidi.

Hapa niseme jambo kuhusu neno uhalisia, kwa sababu wanafunzi wanaweza kudhani Hopper alikuwa anapiga picha kwa brashi. Itazame Early Sunday Morning ya mwaka 1930. Ni safu ya maduka yaliyofungwa, ghorofa moja juu yake, madirisha yenye mapazia yasiyolingana, nguzo ya kinyozi na bomba la zimamoto kando ya barabara. Vivuli ni virefu na vimelala sambamba na barabara, kama jua lilivyo linapochomoza. Mtaa huo ni Seventh Avenue ya New York, nao unaelekea kaskazini na kusini. Jua la asubuhi hutoka mashariki, kwa hiyo haliwezi kulaza vivuli namna hiyo kwenye mtaa ule. Hopper aliugeuza mwanga kwa makusudi, kwa sababu alitaka ule urefu wa kivuli utembee kutoka upande mmoja wa turubai, yaani kitambaa cha kuchorea, hadi mwingine bila kukutana na mtu. Kwenye dirisha moja la juu aliwahi kuchora mtu, kisha akampaka rangi juu na kumfuta. Hata hiyo Jumapili ya kwenye jina alisema iliongezwa baadaye na mtu mwingine. Mtaa ni wa kweli, mwanga ni wa kutunga, na ulivyotungwa ndivyo mtaa unavyoonekana wa kweli zaidi. Hili wafundishe mapema: uhalisia ni uamuzi kuhusu nini kibaki na nini kitoke.

Mpaka sasa nimesema juu ya jua. Lakini Hopper aliishi wakati miji ya Marekani inajaa umeme, na mwanga wa taa kwake una tabia tofauti na wa jua. Jua linaingia kutoka nje na linakumbusha kwamba kuna dunia nje. Taa inafanya kinyume: inalifuta dirisha. Wewe mwenyewe umeliona usiku, ukiwasha taa sebuleni kioo kinageuka cheusi na kukurudishia chumba chako.

Angalia Automat ya mwaka 1927, iliyoko Des Moines, Iowa. Automat ilikuwa aina ya mkahawa uliopendwa sana New York enzi hizo: unatumbukiza sarafu, unafungua kijimlango cha kioo, unachukua chakula chako. Unaweza kula na kuondoka bila kuzungumza na mtu yeyote, wala mhudumu. Mwanamke kijana mwenye koti la kijani na kofia ameketi peke yake na kikombe. Mkono mmoja una glavu, mwingine ameivua. Nyuma yake kuna dirisha kubwa jeusi, na ndani ya kioo hakuna barabara, hakuna gari, hakuna mpita njia. Kuna safu mbili tu za taa za darini zinazoakisiwa, zinakwenda mbali na kuzama gizani. Mwanamke mwenyewe hajaakisiwa. Taa zimepata nafasi kwenye kioo, yeye hakupata. Ile glavu moja inanisumbua kila nikiitazama, maana mtu anayevua glavu moja tu hajaamua kama anakaa au anaondoka.

Halafu Nighthawks, ambayo bila shaka wanafunzi wako wameiona hata kama hawaijui jina. Aliimaliza Januari 1942, wiki chache baada ya Japani kuishambulia Pearl Harbor, bandari ya kijeshi ya Marekani. New York ilikuwa inafanya mazoezi ya kuzima taa kwa hofu ya mabomu. Jo aliandika kwa wasiwasi kwamba mumewe hajali habari za kupigwa mabomu, na wao wanaishi chini ya paa la vioo. Hopper aliendelea kuchora mkahawa unaowaka usiku kucha. Makumbusho ya Art Institute of Chicago yaliinunua mwaka huo huo kwa dola 3,000, na iko huko hadi leo.

Nilipoiona Chicago, kilichonishangaza ni udogo wa watu wake. Turubai ina upana wa zaidi ya mita moja na nusu, lakini mtu mmoja unaweza kumfunika kwa kiganja. Nafasi kubwa imepewa barabara tupu, maduka meusi ya ng'ambo na kioo kikubwa kilichojipinda kwenye kona. Ndani kuna wateja watatu na mhudumu mwenye nguo nyeupe. Mwanamume na mwanamke wamekaa pamoja, vidole vyao vinakaribiana na havishikani. Mwanamume wa tatu ametupa mgongo. Taa hatuioni, tunaona kazi yake tu: ukuta wa njano unaowaka mno, na nje, kwenye lami na kingo za madirisha, mwanga ule ule umegeuka kijani. Taa za tyubu zilikuwa ndiyo kwanza zimeingia sokoni miaka michache kabla, na yeyote aliyewahi kukaa usiku kwenye korido ya hospitali anaujua ule weupe wa kijani usiobembeleza uso wa mtu.

Sasa tafuta mlango wa kuingilia. Haupo. Upo mlango mmoja tu wa ndani, bila shaka wa jikoni. Wewe umesimama barabarani, mwanga unamwagika mpaka karibu na miguu yako, na hakuna pa kupita.

Hapa ndipo nalijibu swali lako la pili. Umeuliza mpweke ni mtu au ni mwanga. Nadhani ni yule anayetazama. Hopper alieleza kwamba picha yake ya ofisi usiku, Office at Night ya mwaka 1940, pengine ilianzia kwenye safari zake za usiku ndani ya treni za juu za New York. Reli zile zilipita usawa wa ghorofa za majengo, na abiria aliona ofisi moja baada ya nyingine, kila moja na taa yake na watu wake, kwa sekunde moja, kisha giza. Macho ya Hopper ni ya abiria huyo. Anamwona mtu kwenye mwanga, mtu hamwoni yeye, na treni haisimami. Yule mtu ofisini huenda ana kazi yake, ana utulivu wake, hata furaha yake; hatujui. Anayeachwa na kitu mkononi ni aliyepita.

Ndiyo maana siwaungi mkono wanaomfanya Hopper mchoraji wa huzuni na kuishia hapo. Yeye mwenyewe alisema habari ya upweke imetiwa chumvi. Kuhusu Nighthawks alisema hakuiona kuwa ya kipweke sana, akaongeza kwamba pengine, bila kujijua, alikuwa anachora upweke wa mji mkubwa. Kauli zote mbili nazipokea. Mwanamke wa Morning Sun anaweza kuwa anafurahia dakika pekee ya siku yake ambayo hakuna anayemwita. Hopper alimwachia uwezekano huo, na kumwachia ni namna ya kumheshimu. Wachoraji wengi wa upweke humlaza mtu wao kichwa mezani ili tusikosee. Hopper hakufanya hivyo.

Lazima nimtaje tena Jo, kwa sababu bila yeye tungekuwa na picha chache na tungejua kidogo. Alikuwa mchoraji kabla hawajaoana mwaka 1924, na ndiye aliyewapendekezea watu wa Brooklyn Museum kazi za Hopper. Baada ya ndoa ni yeye aliyekaa mbele ya turubai kwa karibu kila mwanamke tunayemwona, na ndiye aliyeandika maelezo ya picha kwenye daftari zao za kumbukumbu. Nyumba yao ya New York ilikuwa juu kabisa ya jengo moja Washington Square, ngazi 74 kwenda juu. Mume alikuwa mkimya kupindukia. Jo alisema kuzungumza naye wakati mwingine ni kama kutupa jiwe kisimani, ila hulisikii likifika chini. Waliishi pamoja zaidi ya miaka 40, waligombana sana, na mwanamke peke yake chumbani ambaye dunia nzima inamtazama alikuwa mke aliyekaa hatua chache kutoka kwa mumewe. Hopper alifariki Mei 1967, Jo akamfuata mwaka uliofuata, na maelfu ya kazi za mumewe aliziacha kwa Whitney. Kazi zake mwenyewe hazikutunzwa kwa uangalifu huo, na linaniuma.

Ili wanafunzi waone kwamba njia ya Hopper si pekee, waonyeshe pia Christina's World ya Andrew Wyeth, ya mwaka 1948, iliyoko Museum of Modern Art. Mwanamke mwembamba mwenye gauni la waridi yuko chini kwenye uwanja wa majani makavu, ametupa mgongo, anaielekea nyumba ya mbao iliyo juu ya kilima. Aliyemchochea Wyeth ni jirani yake wa Maine, Christina Olson, ambaye hakuweza kutembea na alikataa kiti cha magurudumu. Alijivuta kwa mikono. Wyeth alitumia rangi iliyochanganywa na kiini cha yai, inayokauka upesi na kumlazimisha mchoraji kwenda kwa mistari myembamba, na aliuchora uwanja ule karibu jani kwa jani. Mwanga wake umetulia, umeenea kote, hauna ukingo. Kwa Wyeth upweke unatokana na umbali na uvumilivu wa mtu. Kwa Hopper unatokana na ukingo wa mwanga na vitu vilivyoondolewa. Mimi moyo wangu uko kwa Hopper, lakini mwanafunzi mwenye subira ya mkono anaweza kujikuta kwa Wyeth.

Sasa Tanga. Jua la Hopper si jua lenu, na mkilinakili mtapata picha za uongo. New York iko kwenye latitudo ya 41 kaskazini hivi. Mwezi Desemba, hata saa sita mchana, jua la kule halipandi zaidi ya nyuzi 28 kutoka upeo wa macho. Linaingia madirishani kwa ubavu na kufika ukuta wa pili. Cape Cod, ambako Hopper na Jo walijenga nyumba mwaka 1934, ni ulimi wa mchanga uliozungukwa na bahari, na mwanga wa ubavu unakutana na mwanga unaorudi kutoka majini. Tanga iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua linapita utosini. Linapanda wima na kwa haraka, na paa zenu zimetokeza nje ili kulizuia. Saa nne asubuhi tayari halimfikii mtu aliyeketi ndani.

Kwa hiyo mna vipindi viwili. Cha kwanza ni kifupi: kama saa moja baada ya jua kuchomoza, tuseme mpaka saa moja na nusu asubuhi, na tena jioni kabla halijazama. Tafuteni chumba chenye dirisha la mashariki, mkitoe vitu vyote, kisha mchore ukuta tu. Msiweke mtu. Umbo la mwanga litahama mkiwa mnachora, basi wauweke ukingo wake kwanza kwa penseli, ndani ya dakika chache, na wasiurekebishe tena. Rangi nyeusi waiache nyumbani. Kivuli kwenye ukuta wa chokaa kina bluu, kina zambarau, na karibu na sakafu kina rangi ya sakafu.

Kipindi cha pili ni kirefu na ndicho chenu hasa, sijaona wengi wakikichora: mchana, jua likiwa juu, mwanga unapiga ua au baraza na kurudi ndani kutoka chini. Unapanda kwenye dari, unamwangaza mtu chini ya kidevu na kwenye viganja, huku paji la uso liko kivulini. Hopper hakuwa nao mwanga huo. Mtu aliyekaa ndani saa saba mchana, mlango wazi, ua mweupe unaunguza macho na yeye yuko kwenye ubaridi, ana upweke wake ambao haufanani na wa mwanamke wa Morning Sun hata kidogo.

Mtu aingie wiki ya pili, ukuta ukishaeleweka. Asikae katikati, asimtazame mchoraji, asiigize huzuni. Mwambie afanye kitu chake, achambue mchele au asome ujumbe. Kabla ya kugusa rangi kila mwanafunzi aandike kwenye mchoro wake, juu ya mwili wenyewe, sehemu gani ni ya joto na ipi ni ya baridi, na mwanga wa kila sehemu umetoka wapi. Ukipita kukagua, uliza hayo tu. Usiulize mtu huyo anajisikiaje, na mwanafunzi akianza kukueleza mwenyewe, mrudishe kwenye shavu na akuonyeshe kwa kidole mwanga ule umetokea sakafuni au mlangoni.